Usaili Jumatatu, Vipimo Ijumaa: Kwa Nini Anayetaka Jeshi Aanze na Afya Mwaka Mmoja Kabla

Ijumaa moja, kwenye saa kumi jioni, nikiwa nafunga dirisha la kupokelea sampuli pale maabara, hapa Mwanza, akaja kijana anahema. Ametoka Igoma kwa daladala, mkononi kashika bahasha ya kaki: vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji, picha ndogo nne. Anataka vipimo vyote, asibakize hata kimoja, na anataka majibu leo leo, maana Jumatatu alfajiri awe kwenye usaili wa jeshi. Mama yake ni mtu wa Ukerewe, tunafahamiana siku nyingi, na kijana ananiita mjomba. Ningefanyaje? Nikarudisha funguo mfukoni.

Choo chake nilikiweka chini ya hadubini mwenyewe. Sijafika hata katikati ya kioo nikaliona: yai refu, rangi ya asali iliyopauka, lenye mwiba ubavuni kama mwiba wa waridi. Nikasogeza kioo, nikaona jingine. Mwiba ukikaa ubavuni namna hiyo, ni kichocho cha tumbo. Nikamweleza. Akatazama sakafu kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa mjomba, si unaandika tu hakuna?"

Sikuandika hakuna. Lakini ombi lake limenikaa kichwani, kwa sababu pamoja na ubaya wake lilionyesha kwamba hesabu ameielewa vizuri kuliko wengi. Siku mbili zisingetosha chochote. Angekuja miezi miwili kabla, tungezungumza habari nyingine kabisa.

Tuanze na hicho hicho kichocho, kwa kuwa kwetu huku ni kama jirani. Watu wengi wanaamini kichocho ni kukojoa damu. Mtu akikojoa maji safi anajihesabu mzima. Kuna vichocho viwili katika mikoa yetu, na havifanani tabia. Cha kukojoa damu, kile cha kibofu, kinapatikana zaidi kwa watu wa bara kidogo, kama Kwimba na Misungwi, wanaoingia kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Cha ufukweni, kwa wavuvi, wachota maji na watoto waliokulia kuogelea ziwani, ni cha utumbo na ini, na mayai yake hutoka na haja kubwa. Konokono wanaobeba vimelea ni wa aina tofauti, ndiyo maana ramani ya kichocho hiki na ile ya kile hazilingani. Kwa hiyo kijana wa Kirumba, wa Igombe au wa visiwani anaweza kupima mkojo mara tano ukawa safi mara zote tano, huku tumboni ana minyoo ya miaka. Kipimo chake ni cha choo. Aseme hivyo dirishani, maana akiomba tu "kupima kichocho" kuna mahali atapewa kikopo cha mkojo na kuruhusiwa kwenda zake.

Dawa ipo na ni nzuri: prazikwanteli. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, akiwa amekula, kwa sababu tumbo tupu na dawa hii havipatani. Ila dawa huua minyoo mikubwa. Midogo iliyopenya kwenye ngozi wiki mbili au tatu zilizopita huiponyoka, inaendelea kukua, na baada ya kama mwezi mmoja inaanza kutaga. Aliyekuwa anakokota nyavu mpaka juzi, akimeza dawa leo, anatakiwa kurudi kupima baada ya wiki nne hadi sita, na pengine kumeza tena. Na katika muda huo asirudi majini, jambo ambalo kwa mtoto wa mvuvi ni gumu kuliko kumeza vidonge.

Hiyo ndiyo saa ya kichocho: miezi miwili, ukihesabu kwa uaminifu. Kila tatizo la mwili lina saa yake, na saa hizo hazijui tarehe ya usaili. Miwani ni wiki moja. Jino ni wiki moja au mbili. Kifua kikuu ni miezi sita ya dawa. Chanjo ya homa ya ini B ni miezi sita kutoka sindano ya kwanza hadi ya tatu. Dirisha la maombi ya jeshi kwa upande wake hufunguliwa kwa siku chache, tangazo likatoka leo na watu wakaanza kukimbizana na mihuri kesho. Anayesubiri tangazo ndipo aangalie afya amekwisha kuchelewa kwa yote isipokuwa miwani.

Sasa, jeshi linatafuta nini hasa? Matangazo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hayachambui. Yanasema mwombaji awe na afya njema na akili timamu, basi. Kwa maneno hayo machache vijana wamejijengea kila aina ya hadithi: kwamba ukiwa na kovu hupiti, kwamba nyayo bapa ni mwisho wa safari, kwamba daktari anakutazama meno kama anayenunua ng'ombe mnadani. Baadhi ya hadithi zina chembe ya ukweli, ila zinakosa kitu kimoja. Daktari wa hospitali anauliza: mtu huyu anaumwa? Daktari wa jeshi anauliza: mtu huyu akibebeshwa mzigo, akakimbizwa juani, akalala porini bila dawa zake, akakaa miezi mbali na hospitali, atadumu? Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa mzima kabisa mtaani na bado asifae jeshini, na mwingine mwenye kovu refu la operesheni tumboni akapita.

Njia za kuingia nazo zinachanganywa. Kuna wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Kuna wanaojitolea JKT. Kuna wanaoandikishwa JWTZ kama kuruta, ambao mafunzo yao ya awali yanafanyika Kihangaiko kule Pwani. Na kuna maofisa wanafunzi, makadeti, wanaokwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, Arusha, chuo ambacho siku hizi kinatoa mpaka shahada ya sayansi ya kijeshi. Kwa wale wa mujibu wa sheria, ulemavu unaoonekana kwa macho hauwaondoi kwenye orodha: kila mwaka tangazo linawaelekeza kambi ya Ruvu, yenye miundombinu ya kuwahudumia. Kwa anayelenga Monduli vigezo ni vizito zaidi, na asishangae kupimwa zaidi ya mara moja, kwa sababu mwili aliokuja nao kwenye usaili ndio unaotakiwa uwe mwili wa siku ya kuripoti.

Ili kuelewa mantiki ya vipimo hivi, mimi huwaelekeza vijana watazame Marekani. Kwamba wataenda huko ni jambo la nadra, ingawa sheria ya kule inaruhusu kila kimoja cha vyuo vitatu vikubwa vya maofisa, West Point cha Jeshi la Nchi Kavu, Annapolis cha Jeshi la Maji na kile cha Jeshi la Anga cha Colorado, kuwa na wageni hadi 60 kwa wakati mmoja, wakipendekezwa na serikali zao. Nawaelekeza kwa sababu wale wenzetu wameviandika vigezo vyao kinaganaga na kuviweka hadharani, na ukivisoma unaona mifupa ya jambo lenyewe.

Kule mwombaji hapimwi na chuo. Kuna bodi moja ya Wizara ya Ulinzi, inaitwa DoDMERB, yenye makao pale pale Colorado kwenye chuo cha Jeshi la Anga, inayopitia faili za afya za waombaji wa vyuo vyote. Mwombaji anajaza dodoso refu la historia ya afya yake, anapimwa mwili na daktari, anapimwa macho na usikivu, faili linapelekwa kwa bodi. Bodi haiwezi kuamua nani asome wapi. Inajibu swali moja tu: anakidhi kigezo au hakidhi. Na kati ya majibu hayo mawili kuna la tatu, ambalo ndilo linalokula muda kuliko yote: taarifa zako hazijakamilika. Lete ripoti ya daktari aliyekufanyia operesheni ukiwa na miaka tisa. Lete picha ya goti. Rudia kipimo cha presha siku tatu mfululizo. Kila barua ya namna hiyo ni wiki kadhaa, na msimu wa udahili hausubiri.

Hata anayeambiwa hakidhi hajafika mwisho. Chuo chenyewe, kikimwona anafaa katika mengine, kinaweza kumwombea msamaha wa kigezo kile. Bodi haitoi msamaha, chuo ndicho hutoa, na hakiwezi kuanza kuufikiria mpaka bodi iwe imeshasema hapana. Utaona basi kwa nini waliowahi kupita njia ile wanawahimiza wadogo zao waanze kiangazi cha kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Anayeanza mapema akiambiwa hapana, ana muda wa kupeleka vielelezo. Anayechelewa, ile hapana ya kwanza ndiyo hiyo hiyo ya mwisho, hata kama tatizo lake lilikuwa dogo.

Na vigezo vyao vina tarehe ndani yake. Pumu, kwa mfano: kinachohesabiwa ni iliyokuwepo baada ya kutimiza miaka 13. Iliyoisha utotoni haikuzuii, lakini lazima uweze kuonyesha iliisha lini. Aliyerekebishwa macho kwa miale ya leza lazima apitishe siku 180 kwanza. Ukiyasoma haya ukiwa Mwanza unaanza kuona kwamba nusu ya kazi ni ya karatasi, na karatasi za utotoni kwetu ziko wapi? Nitarudi hapo.

Nianze na ninayoyaona mara nyingi dirishani, kwa mpangilio wa usumbufu wake.

Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye wabebaji wengi wa kinasaba hiki, na hakuna kipimo kinachozua machozi ya bure kama hiki. Kipimo cha haraka na cha bei nafuu, kile cha kuona kama chembe za damu zinajikunja kuwa mundu, kinajibu ndiyo kwa mgonjwa na kinajibu ndiyo kwa mbebaji. Hakiwatofautishi. Kijana anapewa karatasi imeandikwa chanya, anakwenda nyumbani kuwaaga ndugu. Mbebaji ana kinasaba kimoja chenye hitilafu na kimoja kizima. Si mgonjwa, na wengi wanazeeka bila kujua kwamba wanacho. Kinachowatenganisha ni kipimo cha kuchambua aina za himoglobini, kinachopatikana hospitali kubwa, na majibu yake huweza kuchukua siku. Usiondoke na jibu la kipimo cha kwanza ukadhani umemaliza.

Mbebaji anahitaji kuijua hali yake kwa sababu ya mazoezi. Akisukumwa ghafla juani, bila maji na bila kuzoeshwa polepole, misuli inaweza kuumia vibaya kuliko ya wenzake. Wamarekani walijifunza hilo kwa vifo vya makuruta mwishoni mwa miaka ya 1960, wakakurupuka upande wa pili: chuo chao cha Jeshi la Anga kikawafungia mlango wabebaji wote. Katazo likaondolewa mwaka 1981, na leo kule ubebaji peke yake si sababu ya kukataliwa. Navutiwa na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kwamba kigezo cha afya si aya ya msahafu. Watu hukiandika, hukosea, hukifuta.

Homa ya ini B. Hapa tena saa ni ya miezi sita, mara mbili. Aliye salama na hajachanjwa anahitaji sindano tatu: ya leo, ya mwezi mmoja baadaye, na ya mwezi wa sita. Aliyekutwa na virusi hawezi kuambiwa ana ugonjwa sugu kwa kipimo kimoja. Anapimwa tena baada ya miezi sita, kwa sababu watu wazima wengi walioambukizwa karibuni mwili wenyewe hufuta virusi. Mwenye kipimo kimoja cha jana anasimama mbele ya daktari bila la kueleza. Mwenye vipimo viwili na barua ya daktari wa ini ana habari kamili, iwe nzuri au mbaya. Na tafadhali, katikati hapo usinywe mizizi ya kusafisha ini. Nimeona vimeng'enya vya ini vikipanda kwa sababu ya dawa za chupa za soda kuliko kwa virusi vyenyewe.

Macho. Watu wanajiandaa kusoma herufi za ukutani, wanasahau rangi. Kile kitabu cha nukta za rangi chenye namba zilizojificha ni kazi ya daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, ya mwaka 1917, na mpaka leo hakijapata wa kukiondoa mezani. Upofu wa kutofautisha nyekundu na kijani unarithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana ni wa wanaume zaidi, na hauna tiba. Wapo wanaokariri namba za kurasa. Fikiria umekariri, umepita, umepelekwa kuendesha boti ya doria usiku, na mbele kuna taa ya kijani na taa nyekundu zinazokuambia chombo kile kinaelekea wapi. Kujua mapema hapa hakukuponyi, ila kunakupa nafasi ya kuchagua njia nyingine mapema. Jeshi lina wahasibu, mafundi, wapishi na wanasheria pia, si marubani tu.

Presha. Kijana wa miaka 20 mwenye 150 kwa 95, analia. Muulize: kalala wapi? Kwenye basi. Kanywa nini? Vikopo viwili vya kinywaji cha kuongeza nguvu. Kapanda ngazi kwa kukimbia? Ndiyo. Presha ya namna hiyo huenda ni ya safari na hofu. Mstari ambao madaktari wengi wanautumia ni 140 kwa 90, na hawaamui kwa kipimo kimoja. Pima siku tatu tofauti, ukiwa umekaa dakika tano, miguu chini, mkono umeegemea meza. Ikibaki juu siku zote tatu, hapo kuna kazi, na kwa kijana daktari atataka kuangalia na figo. Kazi hiyo haifanyiki wikiendi.

Mkojo una vichekesho vyake. Aliyekimbia kilomita kumi asubuhi ili "awe fiti" kwa kipimo anaweza kuonyesha protini, hata damu kidogo, na siku mbili baadaye vyote havipo. Kwa mabinti, siku za hedhi huchafua kipimo. Pangeni tarehe. Na kuazima mkojo wa mtu, mchezo ambao upo, mnausikia na mimi nausikia, una hatari moja ambayo wanaouuza hawaisemi: hujui mkojo wa rafiki yako una nini. Kuna mmoja aliazima kikopo chenye sukari. Cha kwake kilikuwa kizima.

Mshipa, kama tunavyosema mtaani, ni neno linalofunika mambo mawili. Ngiri ni utumbo uliopenya kwenye ukuta wa tumbo. Busha ni maji kwenye korodani. Yote hutibiwa kwa operesheni, na yote huonekana daktari akikuambia usimame na ukohoe. Ngiri ndiyo yenye hatari zaidi kwa mtu wa mizigo, kwa kuwa utumbo unaweza kunaswa na kukosa damu, na ukinaswa porini umbali wa saa nane kutoka chumba cha upasuaji, ni maisha. Operesheni ina foleni yake, kisha wiki kadhaa za kutobeba kitu kizito, kisha kujenga tena misuli. Aliyefanyiwa Januari anaweza kukimbia vizuri Juni. Achukue na karatasi ya hospitali inayosema alifanyiwa nini, lini, na alipona vipi, kwa sababu kovu halijielezi.

Kifua: aliyewahi kutibiwa TB akapona anaweza kubaki na alama kwenye picha ya eksirei maisha yake yote. Alama ile na ugonjwa ulio hai havitofautishiki kirahisi kwa kutazama picha moja. Kadi ya matibabu inayoonyesha ulimaliza dozi, pamoja na picha ya zamani ya kulinganisha na ya sasa, ndivyo vinavyokutetea. Masikio: kabla ya kipimo cha usikivu toa nta, kwa mhudumu wa afya, si kwa kiberiti. Waliokulia kupiga mbizi ziwani na kuugua masikio yanayotoa usaha waangaliwe ngoma ya sikio mapema. Meno: ziba yaliyotoboka, ng'oa yasiyofaa, basi.

Mahali pa kuanzia pasikusumbue. Hakuna haja ya kwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Bugando ukashinda kwenye foleni ya wagonjwa waliotoka Geita, Mara na Kagera. Zahanati au kituo cha afya cha karibu kinaweza kukupima presha, mkojo, choo, damu ya kawaida na macho ya ukutani. Kikiona kitu kitakupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ile ya mkoa, Sekou Toure, na Bugando ibaki kwa yale ya bingwa. Ukienda hatua kwa hatua hivyo, gharama inagawanyika kwenye miezi, na kwa familia inayouza dagaa hiyo ni tofauti kati ya kuweza na kutoweza. Mwambie daktari mapema kwamba unajiandaa kwa jeshi, ili akutazame kwa jicho lile la mzigo na jua. Kila karatasi itolewe nakala mbili.

Ila mtu asidhani karatasi hizo ni hati ya kupita. Daktari wa jeshi atakupima upya na neno lake ndilo neno. Karatasi za mtaani zinafanya kazi mbili tu: kukupa wewe muda wa kutibiwa, na kujibu maswali pale atakapoona kovu, alama au namba isiyomridhisha.

Limebaki dodoso, lile la historia ya afya. Umewahi kulazwa? Umewahi kuzimia? Umewahi kuwa na pumu, kifafa, kuvunjika mfupa? Wengi wanaona ni karatasi ya kujaza hapana kuanzia juu mpaka chini kwa mstari mmoja wa kalamu. Wengine wanafanya hivyo kwa ujanja, ila wengi zaidi kwa kutojua. Hakuna anayekumbuka alichougua akiwa na miaka miwili. Anayekumbuka ni mama, na kadi ya kliniki.

Yule kijana wangu hakwenda Jumatatu. Alimeza vidonge vyake vinne jioni ile baada ya sahani ya ugali kwa mama lishe wa jirani, akarudi baada ya wiki tano, na choo kikawa safi. Hapo tukakaa na daftari tukiuhesabu mwaka kurudi nyuma. Chanjo ya homa ya ini B imeingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga nchini tangu 2002, na yeye kazaliwa baada ya hapo, kwa hiyo huenda sindano zake alishazipata akiwa mgongoni. Nikamwambia ampigie mama yake simu, atafute kadi.

Mama alitafuta siku mbili. Ikapatikana chini ya sanduku la nguo, katikati ya vitenge, ikapandishwa meli ya kutoka Nansio, imepewa abiria mmoja wanayemfahamu. Ilifika imekunjwa mara nne, inanuka dawa ya nondo na dagaa wa kukaanga. Vyumba vitatu vya chanjo vilikuwa na tarehe, vyote vitatu. Kijana akacheka kwa furaha. Kisha akaigeuza.

Nyuma, kwa wino wa bluu uliofifia, nesi fulani alikuwa ameandika mstari mmoja: alilazwa siku sita, kifua, kupumua kwa shida. Miaka miwili na miezi minne.

Kijana akaisoma mara mbili. Akapiga simu tena, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. "Mama, mimi niliwahi kulazwa?"

"Eeh, ulitusumbua wewe," mama akasema, na nyuma yake kuku wanalia. "Nimonia. Tangu hapo hata kikohozi hukupata. Kwani hukujua?"

Akavuta lile dodoso la kujifunzia nililompa, akafuta hapana kwenye swali la kulazwa, akaandika ndiyo, na pembeni tarehe.